Moto wa Nyumba Isiyolala Mtu

Jumapili, tarehe kumi na nne Septemba, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza mjomba wangu Seifu, kaka wa mama yangu. Alifia nyumbani kwake mlimani, upande wa Matombo, baada ya kuumwa kifua kwa muda mrefu, na tulimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Kesho yake mkewe, Mama Hadija, alinipa koti la marehemu nilikunje niliweke pamoja na nguo zake nyingine. Koti lilinuka moshi. Haukuwa moshi wa sigara, maana hakuvuta, wala haukuwa wa mkaa. Ulikuwa ule moshi wa kuni zenye unyevu na majani ya mgomba, unaoingia kwenye nyasi za paa ukakaa humo miaka, halafu unamwingia mtu anayeishi chini ya paa hilo. Nililikunja koti mara tatu na mara tatu nikalikunjua. Kuna jambo kuhusu mjomba na moshi huo ambalo nililinyamazia tangu nikiwa na miaka tisa. Sikulisema siku ya maziko. Nalieleza hapa kama lilivyokuwa, bila kujipendelea.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa akifanya kazi kiwandani Morogoro mjini kwa zamu, na shule zilipofungwa mwezi wa Desemba hakuwa na mtu wa kuniachia, akanipeleka kwa kaka yake. Mjomba alikuwa mtunzaji wa makumbusho. Nilipoambiwa hivyo nilitarajia jumba kubwa lenye vioo na mlinzi mwenye sare. Nilichokikuta kilikuwa shamba. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amekusanya vitu kutoka kwenye nyumba za watu wa mlimani: vinu, vibuyu, mizinga ya nyuki, majembe yaliyofuliwa na wahunzi, mitego ya panya, mikeka ya ukindu. Kisha akajenga nyumba tatu za udongo na nyasi kwa namna ya zamani, na kuzizunguka akaacha shamba lilimwe kama walivyolima wazee. Palikuwa na magimbi bondeni karibu na kijito, migomba ikipanda na mteremko, njugu mawe, mihogo, mbuzi watano na kuku wasiohesabika. Ukungu ulishuka kila alfajiri ukakaa juu ya shamba mpaka saa tatu, na ulipoinuka ulikuwa unasikia kwanza kengele ya mbuzi dume kabla hujamwona.

Jambo lililonichekesha ni kwamba vitu vingi vya makumbusho vilikuwa bado vipo kwa Bibi, mama yake mjomba, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka pale. Kinu cha Bibi kilitwangiwa kila siku, lakini pale kinu cha namna ileile kilikuwa na karatasi imeandikwa «Usiguse». Bibi alikuja siku moja kutusalimia, akachoka na mlima, akakalia kigoda kilichokuwa kwenye maonyesho. Mgeni mmoja kutoka mjini akamuuliza mwalimu kama na yule mzee ni sehemu ya makumbusho. Bibi akajibu mwenyewe kabla ya mwalimu: «Hapana, mwanangu. Mimi bado natumika.» Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mtu wa kucheka taratibu, mabega yakitikisika, sauti haitoki.

Kati ya zile nyumba tatu, ya kati ndiyo iliyokuwa kubwa, na hakuna mtu aliyelala humo. Ndani yake palikuwa na kitanda cha kamba, vyungu, mafiga matatu, na juu ya mafiga dari ya fito nyeusi kama lami. Mjomba alinieleza siku ya kwanza kwamba nyumba ya nyasi ni lazima ipate moshi kila siku. Isipopata, mchwa wanapanda kwenye nguzo, wadudu wanaingia kwenye nyasi, na paa linaoza upande unaovuja. Kwa hiyo kila asubuhi aliwasha moto katika nyumba isiyo na mpishi wala mlaji, akauchochea mchana, na jioni akaufukia kwa majivu ili kesho apate kaa la kuanzia. Niliona ni kichekesho, kuwasha moto bila kuinjika chungu. Lakini baada ya wiki moja kazi ile ilikuwa yangu na nilijivunia. Nilijua kuni ipi inashika haraka na ipi inatoa moshi mwingi, na nilijua kupuliza bila kuingiza majivu machoni.

Moshi ule haukuwa wa paa peke yake. Juu ya dari, yakiwa yamefungwa mafungu mafungu kwa ukindu, yalining'inia masuke ya mpunga wa mlimani. Ulikuwa mpunga wa Bibi. Punje zake zilikuwa nyekundu na ukipikwa harufu yake ilifika mpaka njiani. Bibi aliupokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, maana kwetu ardhi na mbegu hupita upande wa wanawake. Mwanamume alilima, alivuna, alikula, lakini mbegu alitunza mwanamke juu ya moto wake. Mwaka ule mwalimu alikuwa amemwomba Bibi mbegu ili wageni wauone mpunga huo ukiwa shambani. Bibi alikuwa na goti bovu na hakuweza tena kulima ng'ambo ya pili ya bonde, hivyo akatoa mbegu yote, akamkabidhi mwanawe wa kiume. Haikuwahi kutokea katika ukoo. Mjomba alipanda, akaamia ndege, akavuna suke kwa suke kwa kisu, akaanika, akatundika. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu ili mbegu ishuke na kurudi udongoni. Mkononi mwa watu wengine haikuwapo tena. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililielewa, kwa sababu alinieleza mara mbili.

Kisha mdogo wake aliyekuwa akikaa Kingolwira akaugua, ikabidi mjomba ashuke kwenda kumwuguza. Mama Hadija alikuwa na mtoto mchanga na mashamba yake mwenyewe, kwa hiyo nyumba ya kati iliachwa kwangu. Siku ya kuondoka mjomba alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega yote mawili.

«Zena, moto usilale.»

«Haulali, mjomba.»

«Mvua hizi ni za kila siku. Paa linadondosha pale pembeni, lakini moto ukiwepo linakauka. Umenielewa?»

«Nimeelewa.»

«Haya. Wewe ndiye mwenye nyumba.»

Siku mbili za kwanza nilifanya kama alivyosema. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, wakaja wageni kwa gari dogo, baba na mama na watoto wao wawili waliovaa soksi nyeupe. Mwalimu aliwatembeza shambani, kisha akawaleta kwangu na yeye akaenda kuwaandalia madafu. Walipoingia yule mama alianza kukohoa. Mtoto wake mdogo akalia, akafunika uso kwa mikono. «Binti,» yule mama akaniambia kwa upole kabisa, «huwezi kuuzima huu kidogo, tuweze kuona?» Alikuwa mzuri, ananukia mafuta ya nywele, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba kitu kwa sauti kama ile. Nilichota maji mtungini kwa kata nikayamwaga juu ya moto. Ulilia kama nyoka. Moshi ukajaa, ukatoka, na baada ya muda nyumba ikawa nyeupe kwa mwanga wa mlangoni. «Ona sasa, nyumba nzuri hivi!» alisema. «Mpaka dari inaonekana.» Wakapiga picha, na moja wakanipiga mimi nimesimama karibu na mafiga. Wakanipa pakiti nzima ya biskuti.

Ningeweza kuwasha tena walipoondoka. Nilikwenda kula biskuti kwanza. Nilipokumbuka, kuni zilikuwa zimelowa na kaa la kuanzia halipo, na kwenda kuomba moto kwa Mama Hadija kulimaanisha kueleza kwa nini wangu umezimika. Nikaahirisha mpaka kesho. Kesho yake wakaja wageni wengine, wanafunzi wa chuo, na mwalimu wao naye akasifu jinsi nyumba ilivyokuwa safi, haina moshi. Nikaanza kupenda kusifiwa. Nikagundua pia kwamba asubuhi bila moto ni asubuhi nyepesi, macho hayawashi, mikono hainuki. Kuanzia hapo nikawa nafanya hivi: kila asubuhi naiba kiberiti, nawasha konzi ya majani makavu ya mgomba, moshi unatoka kwenye nyasi, Mama Hadija anauona kutoka shambani kwake na anaridhika, kisha majani yanaisha na mimi nakwenda kucheza na mbuzi. Hakuna aliyenifundisha ujanja huo. Nilifanya hivyo siku nane. Mvua ilinyesha zote nane.

Mjomba alirudi jioni, matope mpaka magotini, amebeba mkate wa mjini na gauni langu. Alisalimia, akakabidhi mkate, kisha akaingia nyumba ya kati kabla hajanawa miguu. Nilimfuata. Alisimama chini ya dari akatazama juu muda mrefu. Kwenye giza lile jeusi la fito, masuke ya mpunga yalikuwa yameota. Vijimizizi vyeupe vilining'inia kwenye kila fungu kama ndevu za mzee. Alipanda kwenye kigogo akashusha fungu moja, akalifungua. Ndani lilikuwa la moto kidogo na linateleza, na harufu yake ilikuwa ya pombe. Akashusha la pili, la tatu, yote. Akayapanga sakafuni mstari mmoja. Mama Hadija alikuwa amekuja, amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

«Moto uliwaka?» mjomba aliuliza.

«Uliwaka kila siku,» alisema Mama Hadija. «Wallahi nimeuona moshi kwa macho yangu.»

Mjomba akanigeukia. «Zena?»

«Uliwaka, mjomba.»

Hakuwa na sababu ya kutuona waongo. Kwenye mafiga palikuwa na majivu. Alichukua suke moja, akalisugua kwa kidole gumba, akasema polepole, kama mtu anayesoma: «Basi nilitundika mbichi.»

Kesho yake alinichukua twende wote kwa Bibi, nadhani hakutaka kwenda peke yake. Bibi alikuwa akimenya mihogo. Alimsikiliza bila kuacha kumenya. Mjomba alijieleza kwamba mwaka ule alivuna kwa haraka, jua lilikuwa haba, hakuanika vya kutosha, kosa ni lake. Bibi aliweka kisu chini. Nilitegemea atapiga kelele, na ningefurahi apige. Alisema tu, «Kosa ni langu. Nimempa mwanamume mbegu.» Akachukua tena kisu. Mjomba alikaa pale mpaka mihogo ikaisha. Njiani kurudi alinibeba mgongoni kwenye matelezi, maana viatu vyangu vilikuwa vimekatika. Shavu langu lilikuwa juu ya koti lake. Nilifungua mdomo mara nyingi katika njia ile.

Miaka miwili mfululizo, msimu wa mavuno, alizunguka vijiji akitafuta mtu aliyewahi kupewa mbegu ile na Bibi au na mama yake Bibi. Alivuka mabonde mpaka Kinole, mpaka Tegetero. Alirudi na mpunga wa aina nyingine, mweupe, mzuri tu. Bibi aliuonja, akasema asante, na hakuwahi kumpa tena mwanawe mbegu ya kitu chochote, hata ya maboga. Alifariki nikiwa darasa la saba. Na habari haikuishia nyumbani, kwa sababu sisi tuna watani. Kuna ukoo ambao ni watani wa ukoo wetu tangu enzi ambazo hakuna anayezijua, na katika kila msiba na kila harusi kazi yao ni kutuumbua. Mtani mkubwa, Bi Tatu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, alimpata mjomba pale. Kila mkusanyiko alijifunga kanga kiunoni, akajifanya anapanda ngazi amebeba mzigo unaochuruzika maji, anautundika, anasinzia, anaamka, anaangalia juu na kupiga kelele: «Loo, jamani, nimeotesha bustani darini!» Watu waliangua kicheko. Mjomba naye alicheka, mabega yakitikisika, maana mtani hanuniwi. Mimi nilikuwa nachukua vyombo na kwenda kuviosha.

Kwa nini sikusema, sijui vizuri. Nikiwa mtoto niliogopa kipigo, ingawa hakuwahi kunipiga. Nikiwa msichana niliona aibu. Nilipoolewa nikahamia Kilakala na kuanza kushona, niliona ni jambo dogo la zamani, mpunga tu. Alipoanza kuumwa nilijiambia mgonjwa hasumbuliwi. Kila wakati ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilionekana nzuri.

Wiki tatu baada ya maziko nilikwenda makumbusho. Mjomba alikuwa ameacha kazi pale zamani, mwalimu aliyeanzisha amekwishafariki, na tangu niolewe sikuwahi kuingia. Nilikata tiketi getini kama mgeni yeyote. Pamependeza. Njia zimewekewa mawe, kuna choo kizuri, kuna kibanda cha kuuza mdalasini na asali. Shamba bado linalimwa, na mbuzi sasa ni wale wa maziwa, wakubwa, hawana kengele. Niliungana na kundi la wanafunzi wa msingi lililokuwa likitembezwa na binti mmoja mchangamfu mwenye fulana ya makumbusho. Alijua kazi yake. Tulipofika nyumba ya kati niliinama kupita mlangoni na nikasimama wima ndani bila kukohoa. Sakafu ni ya saruji. Mafiga yapo, yamepakwa rangi. Paa hupuliziwa dawa mara mbili kwa mwaka, binti alisema, kwa hiyo moto hauhitajiki, na wageni hawasumbuki. Palikuwa na mwanga hadi pembeni. Niliitazama dari ile inayoonekana yote nikatambua kwamba hii ndiyo nyumba niliyoitengeneza mimi nikiwa na miaka tisa, na sasa kila mtu ameikubali.

«Zamani,» binti aliwaambia watoto, «wazee walitunza mbegu kwa moshi, hapa juu. Lakini ilitaka uangalifu sana. Mtunzaji wa kwanza wa hapahapa alitundika mpunga haujakauka, ukaota darini, na mbegu ya ukoo mzima ikapotea.»

Watoto walicheka. Mmoja akasema, «Alikuwa mvivu huyo!»

«Haukuwa mbichi,» nilisema.

Binti akageuka. «Samahani, mama?»

Macho yote yalikuwa kwangu, macho ya watoto wa umri ule ule. «Hapana,» nikasema. «Endelea, mwanangu.» Akaendelea. Nikatoka nje nikakaa kwenye mawe ya njiani mpaka kundi likapita. Nilikuwa nimenyamaza mara nyingine tena, safari hii nikiwa mtu mzima, hakuna wa kunipiga, na mtu mwenyewe hayupo.

Arobaini yake ilifanyika siku ya mvua ya kwanza ya vuli. Baada ya kisomo na chakula, wanaume walibaki barazani wakinywa chai, na sisi wanawake tulikuwa uani chini ya turubai. Bi Tatu amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini alipomaliza pilau yake aliitupa fimbo pembeni, akajifunga kanga, akaanza kupanda ngazi isiyoonekana. Wanawake walishaanza kucheka kabla hajafika juu.

«Hakutundika mbichi,» nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. «Moto niliuzima mimi. Kwa maji.»

Bi Tatu alibaki na mikono juu. Mama Hadija alikuwa amekaa karibu nami kwenye mkeka, amevaa nguo zake za eda. Aligeuka taratibu.

«Uliuzima lini?»

«Alipokwenda Kingolwira. Sikuuwasha mpaka aliporudi.»

«Na ule moshi niliokuwa nauona asubuhi?»

«Majani ya mgomba, mama. Konzi moja tu.»

Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, ila si kwa hilo alilosema. «Mimi nilimwapia, Zena. Nilimwapia mume wangu kwa jina la Mungu kwamba moto uliwaka. Ndiyo maana akajiona yeye.»

 Bi Tatu alishusha mikono. «Walikupa nini hao waliotaka moto uzimwe?» aliuliza. Nikamwambia biskuti. «Pakiti ngapi?» Moja. «Weee! Moja!» Akawageukia wanawake. «Mbegu ya bibi yake mzaa bibi, kwa pakiti moja ya biskuti! Hata mbili hakuomba!» Akachukua kikombe cha chai, akajaza shavu kama mtoto anayetafuna, akakimwaga chini kwa madaha kidole kidogo kikiwa juu, kisha akajishika gauni na kusimama kupigwa picha. Uani palilipuka. Walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi, na mimi nilicheka pia, kwa kuwa mtani hanuniwi, na kwa kuwa alinipatia kabisa.

Mama Hadija hakucheka. Kicheko kilipopungua alimwita binti mmoja amsaidie kuinuka, kisha akanishika mkono, juu kidogo ya kiwiko, kwa nguvu. Tukapita jikoni mpaka mlango wa barazani. Hakutoka nje kwa sababu ya eda. Alisimama nyuma ya pazia, akanisukuma mimi mbele.  Walikuwapo wanawe mjomba, wazee wa ukoo, na majirani waliomcheka miaka yote ile.

«Huyu ana maneno juu ya baba yenu,» alisema kutoka nyuma ya pazia. «Sema kama ulivyosema kule. Usipunguze.»

Nikawaamkia wazee, shikamooni, wakaitikia. Kisha nikasema tena, tangu mwanzo.